Sanduku la Barua la Bi Avis

Naapa kwa macho yangu haya mawili, na nikiongeza chumvi hata punje moja nisiione tena njia ya kwangu: haya mambo yametokea. Yametokea Katanning, mji wetu mdogo wa kondoo upande wa Perth, nyumba ya tatu kutoka ninapolala. Mimi pale machinjioni nimetoa mifupa ya kondoo miaka kumi na tisa, kwa siku kondoo mia nane peke yangu, wanaume wanne wakiungana hawanifikii. Siyo mtu wa kushtushwa na mlango uliosukumwa na upepo. Sasa mtu kama mimi nikikwambia kwa Baba Norisa sikuweza kupita uzio bila kusoma kitu, wewe jipime.

Jina lake hasa ni Aindil, ila sisi watu wa visiwa vya Cocos mtu akishapata mtoto wa kwanza jina la zamani linawekwa kabatini, anakuwa Baba fulani, basi. Norisa mwenyewe alishaenda Perth kusomea uuguzi. Nyumbani alibaki Baba Norisa na mkewe, Mama Norisa, mwanamke mcheshi kuliko wote mtaani, alikuwa akicheka jikoni kwake kondoo wanageuka malishoni.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba, baridi ya kuvunja meno, Baba Norisa akarudi kutoka kazini saa nane mchana. Akafungua mlango kwa ufunguo wake. Mkewe alikuwa bado kwenye kazi yake ya kufua mashuka hospitalini, mpaka saa tisa. Nyumba kimya. Kwenye meza ya jikoni kuna kijarida cha bei, vile wanavyosukumia watu kwenye masanduku ya barua, nyama nusu bei, sabuni nunua mbili upewe ya tatu. Kimefunguliwa katikati. Na pembeni ya ukurasa kuna alama ya kidole, kidole kilicholambwa mate kabla ya kufunua.

Akaigusa. Ilikuwa bado mbichi.

Yule bwana ana kilo tisini na tano, akakaa chini sakafuni kama gunia. Ili uelewe kwa nini kikaratasi cha sabuni kilimkata miguu, inabidi turudi nyuma wiki tano.

Baba Norisa alikuwa akiyachukia yale makaratasi kuliko anavyomchukia msimamizi wetu. Alibandika kibandiko mbele ya sanduku lake, kikubwa kama sahani: hatutaki matangazo. Lakini mgawaji ni mama mmoja mwembamba anayesukuma kigari cha mtoto kisicho na mtoto, kimejaa makaratasi mpaka kinapinda magurudumu, na huyo kibandiko hakioni. Kila Jumatano anajaza. Na lile pipa la kifuniko cha njano, la karatasi, linachukuliwa mara moja kwa wiki mbili, likijaa umekwisha.

Basi akapata njia. Jirani yake alikuwa Bi Avis, bibi wa Kizungu wa miaka themanini na minne, mjane, kuku sita na mguu mbovu. Sanduku lake la barua lilikuwa kopo la zamani la maziwa limelazwa juu ya gogo, mdomo mpana, linameza hata mkate mzima. Baba Norisa akitoka alfajiri anachota makaratasi yake, anayatia kwa Bi Avis, anapanda gari. Siku ya kwanza alisema leo tu. Baada ya miezi mitatu alikuwa hafikirii tena, mkono unakwenda wenyewe.

Bi Avis akawa analalamika. Siku moja anamwita uzioni, "Wewe Aindil, hebu niambie, kuna mtu ananichukia? Wenzangu wanapata kijarida kimoja kimoja, mimi napata viwili viwili."

"Labda wanakupenda, Bi Avis."

"Wanipende kwa nyama. Siyo kwa picha ya nyama."

Wakacheka. Naye Baba Norisa akacheka kabisa, meno yote nje.

Sasa kosa lenyewe hili hapa. Bi Avis ana binti mmoja, Roslyn, yuko mji wa Albany. Siku za Pasaka alikuja, wakagombana na mama yake, Roslyn anataka mama aende nyumba ya wazee, mama hataki, wakarushiana maneno hata sisi nyumba ya tatu tukayasikia. Roslyn akaondoka analia. Ila kabla hajapanda gari alimwendea Baba Norisa. "Tafadhali, mama hatanipigia simu. Wewe niangalizie sanduku lake. Ukiona barua zimelundikana, gonga mlango."

Mji ule kila mtu anaijua alama hiyo. Sanduku likifurika, mwenyewe amesafiri au amelala chini. Baba Norisa akaweka mkono kifuani, akasema nitaangalia kama la mama yangu.

Wiki ya kwanza ya mwezi wa sita sanduku la Bi Avis likajaa. Ijumaa likawa limejaa, Jumamosi makaratasi yananing'inia mdomoni kama ulimi wa kondoo, Jumatatu mengine yameanguka kwenye majani, yamelowa umande. Baba Norisa akapita, akaona. Akasema moyoni, ah, ni yale yangu, yamezidi, bibi amechoka kuyatoa, kaniachia makusudi anione nitafanya nini. Nikigonga ataniuliza. Akageuza uso upande wa pili. Siku nne alipita akiwa amegeuza uso.

Jumanne mchana akamwona muuguzi wa kuzunguka majumbani anagonga kwa Bi Avis, anagonga, anachungulia dirishani, anatoa simu. Pale pale akajua. Wala hakukimbilia mlangoni. Alikimbilia sanduku. Akakumbatia yale makaratasi yote, akayatupa kwenye pipa lake la njano, na katikati yake ikateleza bahasha moja nyeupe, imeandikwa kwa kalamu, kwa mkono. Aliiona. Akasikia gari la polisi linapinda kona, akaisukuma chini na vingine, akafunga kifuniko. Saa kumi lori likapita, likabeba.

Bi Avis walimkuta sakafuni jikoni. Daktari alisema alikuwa ameanguka siku nne nyuma, na hakufa siku ya kwanza wala ya pili.

Polisi akauliza majirani. Baba Norisa akasema, "Sanduku nilikuwa naliangalia kila siku, afande. Lilikuwa tupu. Barua zake alikuwa anachukua." Nani atabishana na sanduku tupu? Likaandikwa hivyo.

Kwenye mazishi Roslyn akamshika mikono yote miwili. "Wameniambia. Kwa hiyo sanduku lilikuwa tupu mpaka mwisho?"

"Tupu kabisa."

"Nilimwandikia. Ingefika Ijumaa ile. Kwa hiyo aliipata barua yangu?"

Baba Norisa akatazama viatu vyake. "Aliipata, Roslyn."

Yule mwanamke akalia kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo, akambusu mkono. Mkono ule ule.

Sasa rudi naye jikoni, pale sakafuni, na kile kijarida mezani.

Mkewe aliporudi akamwuliza, "Mama Norisa, hiki umekileta wewe?"

"Mimi? Na wewe unavyonuna ukiyaona? Labda jini linatafuta sabuni." Akacheka, akakitupa.

Ijumaa mchana vilikuwa vinne, vimepangwa, kila kimoja kimefunuliwa mpaka ukurasa wa mwisho. Jumatatu Baba Norisa alikuwa anaoga, akasikia jikoni, shwaa, shwaa, shwaa, mtu anafunua kurasa, polepole, bila kuruka hata moja. Akazima maji. Ikaendelea. Akatoka na taulo kiunoni, hakuna mtu, ila harufu imejaa, kafuri na mkate ulioungua. Kafuri Bi Avis alikuwa anaweka kwenye makabati yake kuzuia wadudu wa sufu, nyumba yake yote ilikuwa inanuka vile. Na mkate, walisema kibaniko chake cha mkate kilikutwa kimeunguza slesi mbili. Alikuwa anasubiri kifungua kinywa chake alipoanguka.

Hakumwambia mkewe. Angeanza wapi?

Jumatano alipofika nyumbani gari la Mama Norisa lilikuwa tayari pale. Akafurahi, angalau leo kuna mtu. Akaingia, akamkuta mkewe amekaa mezani amempa mgongo, koti la kazini hajavua. Mbele yake rundo la vijarida, lingefika kidevuni kwangu mimi na urefu wangu huu. Analamba kidole, anafunua. Analamba, anafunua.

"Umewahi leo, Mama Norisa."

Shwaa.

"Unatafuta nini? Kuna bei nzuri?"

Akasogea mbele yake, akaona kijarida amekishika juu chini. Macho ya mkewe hayasomi. Yanapekua katikati ya kurasa, kama mtu anayetafuta kitu kilichojificha ndani.

"Mama Norisa."

"Imo humu," mkewe akasema taratibu, kwa Kiingereza cha kikongwe wa Kizungu, chenye kikohozi kidogo mwishoni. "Nitaipata, mpenzi. Wewe kaa tu."

Mama Norisa Kiingereza chake ni cha kuombea chumvi. Baba Norisa alirudi nyuma mpaka akagonga jokofu.

Usiku mzima yule mwanamke alipekua, asubuhi bado anapekua, hali, hanywi, ukimlisha wali unamdondoka mdomoni. Alhamisi Baba Norisa akayachukua makaratasi yote, akayatia kwenye jiko la kuni, akayachoma mpaka bomba likawa jekundu, na aliporudi mezani akakuta mkewe amekaa vile vile, mikono mitupu, analamba kidole na kufunua hewa, na hewa ile, nakuapia, hewa ile inatoa sauti ya karatasi, shwaa, shwaa, na alipojaribu kumshika mkono aukaze mezani ule mkono wa mwanamke mdogo kama kuku ukamburuta yeye na kilo zake tisini na tano mpaka kifua kikalala juu ya meza, na bado unafunua, na ngozi ya kile kidole ilikuwa imeshatoka, kila anapofunua anaacha doa la damu hewani kwa kitambo kidogo ndipo linaanguka, na yeye Baba Norisa analia, anasema nisamehe nisamehe, na hajui anamwambia nani.

Ijumaa baada ya swala akaja kwa Babu Yapat, nami nilikuwa pale. Babu Yapat alitoa mifupa machinjioni kabla yangu, mgongo ukamshinda, sasa anawasomea watu dua. Tukaenda wote, mimi nikabeba maji, maana mwanaume mwingine wa kufaa hakuwepo.

Babu akaingia, akamtazama Mama Norisa, akavuta kiti, akakaa kama anayesubiri chai. Akasoma, akapuliza kwenye maji, akamnyunyizia. Mkono ukapunguza mwendo. Haukusimama.

"Wewe uliye humu, nani?" Babu akauliza, kwa upole.

"Nilikaa naye," ile sauti ikajibu. "Tangu analia kwa mara ya kwanza mpaka anyamaze. Miaka themanini na minne."

Babu alilijua: jini mwenzi, anayezaliwa na kila mtu. "Naye ameshakwenda. Wafu hawarudi. Nawe nenda zako."

"Najua amekwenda. Mimi ndiye niliyekuwa naye pale sakafuni. Wewe hukuwepo." Shwaa. "Shavu lake kwenye vigae. Kila akisikia gari la barua ananiuliza, imekuja? Roslyn ameandika? Nikamwambia nitakutafutia. Nilimwahidi." Shwaa. "Imo humu. Alizichukua huyu zote, zimo kwake."

Babu akageuza shingo polepole, akamtazama Baba Norisa. "Nini kimo kwako?"

Baba Norisa akalitazama jiko la kuni.

"Aindil," Babu akasema, na akimwita mtu mzima kwa jina lake la utoto ujue hali imekuwa mbaya. "Mke wako anakufa njaa mezani kwako. Sema."

Akasema. Yote. Kopo la maziwa, siku nne za kugeuza uso, pipa, bahasha, mazishi. Mimi nilikuwa nimeshika lile bakuli la maji, nikaliweka chini.

Babu akasema, "Hili siwezi kulifukuza. Halina kosa. Limetoa ahadi, linaitimiza. Wewe ndiye uliyeahidi ukaacha."

"Barua imeshasagwa, Babu. Wiki sita sasa. Nitaitoa wapi?"

"Aliyeiandika si yuko hai?"

"Nikimpigia nitamwambia nini? Yeye anajua mama yake aliisoma. Ndiyo kitu pekee alichobaki nacho. Nimnyang'anye?"

"Mpigie. Au nenda kachague sanda."

Nimeona wanaume wakikatwa vidole na mashine, hawakuwa na uso ule. Alipiga, akaweka simu mezani, sauti juu.

"Aindil?" Roslyn akapokea, sauti ya furaha. "Habari za siku nyingi. Mmenikumbuka?"

"Roslyn, kaa chini."

"Kuna nini?"

"Nilikudanganya." Akaisogelea simu. "Sanduku la mama yako halikuwa tupu. Lilijaa siku nne. Nililiona. Makaratasi mengi yalikuwa ya kwangu, nilikuwa namtilia miezi, ndiyo maana niliogopa kugonga. Siku ile niliyatupa yote ili msiyaone. Barua yako ilikuwemo. Nilishika bahasha yako kwa mkono wangu. Hakuisoma."

Jikoni kilichosikika ni kidole tu, shwaa, shwaa.

"Siku nne," Roslyn akasema.

"Siku nne."

"Ulikuwa unapita."

"Nilikuwa napita."

Akavuta pumzi, na pumzi ile ilikuwa na meno. "Kwa nini unaniambia leo? Si ungekufa nayo?"

Babu Yapat akainama kwenye simu. "Binti, mimi ni mzee tu wa mtaani. Sikuombi umsamehe huyu. Lakini kuna anayeisubiri ile barua hapa. Kama unayakumbuka maneno yake, yaseme."

"Nani anaisubiri?"

"Aliyekuwa na mama yako."

Ningekuwa mimi ningekata simu na kuita polisi. Lakini labda alisikia ile shwaa. Labda alisikia kikohozi, maana palepale Mama Norisa alikohoa, kikohozi cha Bi Avis, na kule Albany kitu kilianguka kikavunjika.

Roslyn akaanza. Sauti ndogo, kama mtoto aliyesimamishwa darasani.

"Mama. Nyumba ni yako, kaa mpaka uchoke mwenyewe. Sikupaswa kukuita mzigo. Nilikuwa nimechoka na nilikuwa muongo. Shule zikifungwa nitakuja na rangi, tupake lile jiko la kijani ulilolitaka. Usiwauze kuku. Nimefikiri..." Akakwama. "Nimefikiri labda nihamie huko mimi, badala ya wewe kuja huku. Tutagombana kila siku. Nakubali. Roslyn."

Mkono wa Mama Norisa ukabaki hewani, kidole kimeinuka. Ukashuka polepole ukalala juu ya ule wa pili, kama mtu aliyemaliza kusoma. Ile harufu ya mkate ulioungua ikapita mbele ya uso wangu kuelekea mlangoni, na mlango, ambao niliufunga mimi mwenyewe kwa komeo, ukafunguka, ukafungwa kwa adabu.

Mama Norisa akaanza kulia. Kilio chake mwenyewe.

"Nani analia hapo?" Roslyn akauliza.

"Mke wangu," Baba Norisa akasema.

"Huyo mmoja. Na mwingine?"

Tukatazamana. Babu Yapat akaweka kidole mdomoni, tusijibu.

Roslyn akasubiri. Halafu akasema bila kelele, "Aindil, nitakuja huko kwa kaburi la mama. Nikija, usitoke nje. Nisikuone." Akakata.

Mama Norisa alikunywa maji jagi zima, akala wali sahani tatu, akalala siku mbili. Alipoamka alikuwa anakumbuka yote, kila neno lililosemwa pale mezani. Hakumtukana mumewe. Hakuhama chumba. Bado anampikia, bado anamwekea chakula cha kazini, na kucheka anacheka, ila siyo akiwa naye.

Lakini tangu siku ile kila asubuhi saa kumi na mbili, kabla hajaweka miguu chini, Mama Norisa anachukua simu, anampigia dada yake aliyebaki visiwani, na kule bado ni alfajiri nene. Anamwambia neno moja tu, "Nimeamka." Dada anasema, "Haya," wanakata. Siku asipopiga, dada anajua wa kumpigia, na siyo shemeji yake.

Baba Norisa amelala pembeni pale pale, bega kwa bega, macho wazi. Anasikia kila siku.

Haya, umeyapata. Nakuomba yaishie kwako, maana mimi mwenyewe nilimwapia Baba Norisa sitamwambia mtu.